Kijerumani Nilichopeleka Bomani

Juzi jioni mjukuu wangu aliketi mezani hapa Sombetini na kitabu chake cha Kiingereza, akawa anaimba vitenzi kwa sauti ya mtu anayeita kuku: go, went, gone, see, saw, seen. Mimi nilikuwa pembeni nachambua maharage. Alipofika kwenye give akakwama, akawa anagonga meno kwa penseli, na mdomo wangu, bila kuniomba ruhusa, ukamalizia: geben, gab, gegeben. Nilishtuka mwenyewe. Mtoto akanigeukia. "Bibi, hicho nacho ni Kiingereza cha wapi?" Nikamwambia si Kiingereza, ni Kijerumani. Alicheka mpaka akalaza kichwa juu ya kitabu, kisha akamwita mama yake aje asikie bibi anaongea Kijerumani, na mama yake, ambaye ni binti yangu wa kumzaa, naye akacheka. Hakuna katika nyumba hii aliyekuwa anajua. Niliinama nikaendelea na maharage yangu, maana ukishasema neno moja la habari ile huna budi kulisema na linalofuata, na siku hiyo sikuwa tayari.

Wewe nitakusimulia. Tumejuana siku nyingi, hutanicheka.

Kwetu kulikuwa juu, upande wa machweo wa Mlima Meru, njia ya kwenda Olmotonyi, kabla watu wa misitu hawajaipanda ile miti yao inayosimama kwa mistari kama askari. Migomba ilianzia mlangoni pa nyumba ikashuka mpaka mtoni. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, ukitoka nje ulisikia ng'ombe wanapumua kabla hujawaona. Vibuyu vya maziwa tulivisafisha kwa kijinga cha mzeituni wa porini, tukavisugua ndani mpaka vikanukia moshi, na maziwa yakikaa humo siku kadhaa yakiganda yalikuwa na ladha ambayo sijaipata tena kwenye pakiti wala chupa. Yeyo, yaani mama yangu kwa Kimaa, alitupikia loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa hayo ya mgando, na sisi watoto tulikula kwa mikono mpaka tukalamba viwiko. Kazi yangu ilikuwa kukatia ndama majani ya migomba, kuteka maji, na kuzoa mavi zizini. Nilinuka ng'ombe mchana kutwa wala sikujua kwamba kuna watu wanaona hilo ni jambo la kuziba pua.

Lakini usije ukadhani nakusimulia habari za peponi. Hiyo ilikuwa miaka ya Mjerumani. Wanaume wa rika la baba yangu walibeba mawe ya kujengea boma wakiwa vijana, na walipopita pale walijipapasa mabega bila kujijua. Mjini wafungwa walitembea wamefungwa mnyororo mmoja shingoni, wakichota maji na kufagia barabara, na sisi watoto tulijifunza kuusikia mnyororo kabla ya kuwaona waliouvaa. Ukisikia ule mlio, ulitoka njiani ukaingia majanini. Siku ya shauri, wenye kesi walisimama mbele ya baraza la boma tangu alfajiri, na waliohukumiwa kiboko walilazwa hapohapo mbele ya watu. Hapakuwa na nyumba kwetu ambayo haikuwa na mtu aliyelala kifudifudi kwa wiki nzima.

Baba aliyatazama hayo yote akafikiri kwa namna yake. Aliona kwamba mtu anayejua maneno ya wazungu hutembea katikati ya njia. Mkalimani wa boma, mtu mweusi kama sisi, alivaa kanzu safi na hakuna askari aliyemsukuma. Basi baba, ambaye hakuwa na mtoto wa kiume aliyefikia umri, akanishika mkono akanipeleka misheni. Wenzake walimcheka sana. Binti wa kuozwa unampeleka akajifunze nini? Yeye aliniambia njiani, "Nenda ukaniletee hayo maneno." Alisema hivyo kama mtu anayenituma chumvi.

Misheni ilikuwa na kengele, bustani ya kabichi na nyumba ya mchungaji yenye ubao sakafuni. Mke wa mchungaji tulimwita Mama Misheni. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na alihitaji wasichana wa kumsaidia nyumbani. Akatuchagua wachache, mimi na mwenzangu mmoja Mmeru na wengine waliokuja na kuondoka, akatufundisha kushona, kupiga pasi na Kijerumani. Imani yake ilikuwa kwamba msichana hawezi kuandaa meza sawasawa ikiwa hajui kila kitu cha mezani kinaitwaje. Kwa hiyo darasa letu lilikuwa meza ya chakula.

Hapo ndipo nilipokutana na vile vineno vitatu vinavyotangulia majina. Kijiko kilikuwa cha kiume, der Löffel. Uma ulikuwa wa kike, die Gabel. Kisu hakikuwa huku wala kule, das Messer. Mwenzangu Mmeru alikaribia kulia. Lugha yake ilikuwa na makundi ya majina chungu nzima, lakini hakuna hata moja lililouliza kijiko kama ni mume au mke. Mimi sikushangaa sana, kwa sababu Kimaa nacho huweka dume na jike mbele ya jina. Kilichonishinda ni akili ya Kijerumani. Kwetu kitu kikubwa chenye nguvu ni dume, kitu kidogo cha nyumbani ni jike, mtu unaweza kubuni. Kwa Wajerumani hapakuwa na kubuni. Na msichana, hebu sikia hili, msichana naye hakuwa wa kike. Das Mädchen. Alikuwa fungu moja na kisu. Nilimuuliza Mama Misheni kwa nini, akasema ndivyo ilivyo. Hilo ndilo jibu la kwanza la Kijerumani nililolielewa barabara.

Hakutupiga, hilo nampa. Adhabu yake ilikuwa nyingine: kitu ulichokosea kineno chake, unakishika kwa mkono ulionyooka mpaka ukumbuke. Ukikosea kijiko una bahati. Mwenzangu alikosea pasi, ile pasi nzito ya makaa, akasimama nayo jasho linamtiririka, na Mama Misheni ameketi anadarizi anangoja. Das Bügeleisen. Nilikuwa nikimtamkia kwa midomo bila sauti. Hata leo nikipiga pasi, bega linaniuma upande ule, na si mimi niliyeishika.

Baada ya vitu vikaja vitenzi, na vitenzi vilianza na amri: njoo, nenda, leta, ngoja, nyamaza. Tulizijua amri zote kabla hatujajua kusema "mimi ninataka." Kisha tukafundishwa kwamba Mjerumani ana "wewe" mbili, moja ya heshima na moja ya mtoto au mbwa. Sisi tungewaambia wao ile ya heshima. Wao wangetuambia sisi ile nyingine, hata kama wewe ni mzee mwenye mvi. Mwishoni tukafika kwenye vile vitenzi ambavyo mjukuu wangu anavilalamikia kwa Kiingereza, vinavyobadilika tumbo kila vikivuka wakati. Mama Misheni alisema kwao vinaitwa vitenzi vyenye nguvu, kwa sababu havifuati sheria. Tulivikariri tukimenya viazi. Mimi nilivipenda. Nilirudi nyumbani jioni nikiviimbia ndama, na baba akisimama mlangoni pa zizi alinisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua ikinyesha kwenye shamba lake mwenyewe.

Sasa lipo jambo moja lazima ulijue, la sivyo yaliyofuata hutayaelewa. Kwetu wakati ule jina la mtu aliyekufa halikutajwa na watu wa nyumba yake. Mjane, watoto, wajukuu, hao walilifunga jina hilo mdomoni mara maiti inapotoka. Kama lilifanana na jina la kitu cha kawaida, hicho kitu kilitafutiwa jina jingine. Haikuwa chuki wala kusahau. Ukimtaja unamgutua, na aliyelala hagutuliwi. Mama Misheni alikuwa na mtoto wake mchanga aliyekufa kwa homa, kaburi lake liko nyuma ya kanisa na jina limechorwa kwenye msalaba wa mti. Siku moja alitupeleka tukapalilie pale, akalisoma lile jina kwa sauti, akatuambia tulirudie. Sote tukainamisha macho tukanyamaza. Akadhani tunamkaidi. Alisema, huku sauti inamkatika, kwamba kwao mtu asiyetajwa ndiye aliyekufa kweli. Nilipomsimulia koko, bibi yangu mzaa baba, aliguna akatikisa kichwa. "Masikini," akasema. "Hawamwachi mtoto alale."

Basi. Mwaka wa tatu nikiwa misheni, mfanyakazi wa shamba moja la mzungu alimpiga nyapara wake akakimbia. Jina lake lilikuwa sawa na la baba. Jina lenyewe ni la kawaida, enzi hizo ukiliita sokoni waligeuka watu kadhaa. Askari walipotumwa kumtafuta hawakuhangaika. Walimkuta baba akikata migomba, wakamuuliza anaitwa nani, akajibu, wakamfunga.

Bomani alifikishwa mbele ya mkalimani. Huyu alikuwa mtu wa pwani, na nisimsingizie, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameandikiwa jina la yule aliyetoroka, fulani mwana wa fulani, na kwake kazi ilikuwa nyepesi. "Wewe ni fulani bin nani?" Baba akasema yeye si mwana wa huyo wanayemtaja. "Haya, bin nani basi?" Babu alikuwa amekufa zamani. Baba akatazama chini. Mkalimani akauliza tena, na tena, kwa upole kwanza kisha kwa hasira. Kwa watu wa kwao, baba ndiye nusu ya jina. Mtu asiyemtaja baba yake ama hana baba ama ana la kuficha. Baba alikuwa na baba, na hakuwa na la kuficha, ila ulimi haukufunguka. Aliulizwa koko, aliyekuwa amemfuata mpaka pale. Mjane huyo ndiye angelitaja? Akajifunika. Majirani wangeweza kulitaja, wao si wa nyumba yetu, lakini nani angekanyaga bomani kwa hiari yake siku zile ajipeleke mwenyewe kwenye mnyororo?

Koko alirudi jioni miguu imevimba. Akaketi jikoni, akanitazama mimi. "Huyu anajua maneno yao," akamwambia yeyo. "Si ndiyo maana alipelekwa? Aende akamweleze yule mkubwa mwenyewe, si mtumishi wake. Akielewa kwa nini mwanangu alinyamaza, atamwacha." Yeyo akasema mimi ni mtoto. Koko akasema baba mtu ana shingo moja tu.

Asubuhi nilipita misheni kwanza. Mchungaji alikuwa safarini upande wa Kilimanjaro. Mama Misheni alinisikiliza huku anafuta mikono kwenye aproni, akasema mambo ya boma si ya misheni, yeye hawezi kuingia. Kisha akaniketisha. Alinipigia pasi gauni langu yeye mwenyewe, akanichana nywele ambazo hazikuwa na haja ya kuchanwa, akanifanyisha mazoezi. Baba yangu hakufanya lolote. Baba yangu ni mtu mwema. Tumia ile ya heshima. Usisahau vineno vyako. Weka kitenzi mwisho. Nilipokosea alinirudisha mwanzo, na nilipopatia alifumba macho. Nafikiri alikuwa akiomba. Alinisindikiza mpaka penye kabichi, akasimama hapo.

Nilishuka mjini na koko, tukiwa tumeshikana mikono. Nilivirudia vile vitenzi njia nzima. Nilijiambia kwamba baba alinituma maneno, nami ninayo, ninampelekea.

Ilikuwa siku ya shauri. Mkubwa wa boma alikuwa barazani nyuma ya meza, kofia yake imewekwa mbele yake. Karibu na lango walikuwa wamepangwa wanaume wa mnyororo, tayari kwa safari, na baba alikuwa wa tatu kutoka mwisho. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Aliponiona na gauni lile lililopigwa pasi alinyanyua kidevu kidogo, kwa kadiri ile shingo ilivyoruhusiwa. Nilimwamkia mkalimani, "Shikamoo, bwana." Akaitika marahaba, akauliza mimi binti wa nani. Nikamwonyesha. Alikuna shavu, halafu akanipisha.

Nilisogea mbele ya meza nikainamisha kichwa. Hivyo ndivyo mtoto wa kwetu anavyomwamkia mkubwa: unainama, naye anakugusa utosini kwa kiganja. Nilisubiri kiganja. Hakikuja. Nilipoinua macho yule bwana alikuwa ananitazama kama anayetazama mbuzi aliyeingia sebuleni.

Nikafungua mdomo nikasema Kijerumani.

Nikwambie ukweli, sijawahi kusema lugha yoyote vizuri kama nilivyosema Kijerumani siku ile. Hofu iliyaosha maneno yote. Nilisema baba yangu hakufanya lolote, na kitenzi kikakaa mwisho. Nilisema yupo mtu mwingine mwenye jina kama lake. Nilisema kwetu halitajwi jina la mtu aliyekufa, des Toten nikasema, na hapo yule bwana akaacha kuchezea kalamu. "Des Toten," akarudia polepole. Akamgeukia mkalimani, akacheka kwa mshangao. Hakushangaa mila yetu. Alishangaa kwamba mtoto mweusi, mwenye vumbi mpaka magotini, amekigeuza kile kineno der kuwa des, jinsi kinavyopaswa kugeuzwa. Nilisimama nikingoja ajibu kuhusu baba. Akaniuliza ni nani aliyenifundisha.

Nikamjibu, kisha nikarudi kwa baba. Nilikuwa nimeona kwamba kueleza hakutoshi. Koko alikuwa ameketi ukutani hatua chache nyuma yangu, na nilijua atasikia. Nikalisema. Nilisema, baba yangu ni mwana wa, nikalitaja jina la babu yangu, jina ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelisikia mara moja tu, kwa bahati mbaya, kwa mgeni. Nyuma yangu nilisikia vazi la ngozi la koko likisugua ukuta alipokuwa akijifunika kichwa.

Mkalimani alipiga kiganja pajani. "Ee! Kumbe!" Na yeye, mtu yule wa pwani, ndiye aliyeinama kwa mkubwa wake akamweleza haraka haraka kwamba hapa pamekosewa, huyu siye, jina la baba si lile, mwenye kosa ni mwingine. Niliyaelewa yote. Alimtetea baba kuliko nilivyoweza mimi.

Yule bwana alipunga mkono kama anayefukuza nzi. Alisema msafara umekwisha kupangwa, reli kule chini inahitaji watu, na huyu ana mabega. Alisema, "Anarudi kazi ikiisha." Si atarudi, anarudi, ndivyo Kijerumani kinavyosema. Nilishika hilo neno kwa mikono miwili. Kisha akapiga kelele kumwita mwenzake aliyekuwa ndani, aje aone kitu.

Wakaanza kuniuliza. Hiki nini? Der Tisch. Hii? Die Lampe. Hiki? Das Buch. Kofia, kalamu, dirisha. Nilikuwa najibu sawa, na kila nikijibu walicheka na kugonga meza, na mimi moyoni nilikuwa nawaza kwamba nikipatia vyote hawatakuwa na jinsi. Wakanionyesha kiboko kilichokuwa kimelala kando ya kofia. Sikukijua. Mezani kwa Mama Misheni hakikuwapo. Yule mwenzake akanifundisha: die Peitsche. Cha kike. Nikarudia vizuri, wakanipigia makofi, na mkubwa akatoa kijiwe cha sukari mfukoni akaniwekea kiganjani.

Hapo nikageuka kumtazama baba. Alikuwa anatabasamu.

Yeye hakujua neno lolote la Kijerumani. Alichokiona kutoka pale langoni ni binti yake amesimama mbele ya mzungu, anasema, na mzungu anacheka, anapiga makofi, anampa sukari. Aliona imekuwa kama alivyopanga. Nilimwona akimgeukia mwenzake wa mbele, akasema naye kwa furaha, na yule mwenzake akageuza shingo kwa shida anitazame mimi. Midomo ile iliyopasuka ilikuwa inatoa damu kwa kutabasamu. Kisha askari akapiga filimbi, mnyororo ukanyooka, wakatoka. Baba alitoka akiwa bado anatabasamu. Nafikiri aliamini anapelekwa kufunguliwa nje ya lango.

Njiani kurudi nilitembea nyuma ya koko mpaka kwenye kivuko cha pili, pale ambapo siku hizi panaitwa Daraja Mbili. Nilikuwa nalia. Nilitegemea anikaripie kwa lile jina. Alisimama, akauliza, "Alisikia?"

"Alisikia, koko."

"Akasemaje?"

Nikamwambia alisema Kijerumani changu ni kizuri.

Koko alinivuta, akanitemea mate kidogo utosini, ndivyo wazee wetu wanavyobariki, akanishika mkono tukaendelea. Ile sukari niliila. Ilikuwa tamu, na mpaka leo utamu wake unaniudhi.

Misheni nilirudi, maana baba hakuwa amenikataza. Mama Misheni aliniuliza ilikuwaje, na nilipomwambia aliingia chumbani akafunga mlango, na siku hiyo hapakuwa na somo. Kisha ikaja vita. Wanaume waliobaki wakachukuliwa kubeba mizigo, ng'ombe wakachukuliwa kulisha askari, na asubuhi moja Wajerumani wa boma hawakuwapo tena, wapo Waingereza. Mama Misheni naye akachukuliwa na wenzake kuteremshwa pwani. Kabla hajaondoka alipalilia lile kaburi mwenyewe. Wazungu wapya walikuja na kineno kimoja tu cha mbele kwa vitu vyote, kijiko na uma na kisu na msichana, na mimi niliyekuwa nimemaliza utoto wangu nikipanga vitu madume na majike nikaambiwa hayo hayana kazi tena. Nilikuwa na lugha nzima kichwani na hapakuwa na wa kusema naye mlima mzima.

Kila waliporudi watu wa reli, na baadaye watu wa vita, koko alishuka barabarani kuwatazama nyuso. Mmoja alisema msafara wao uligawanywa. Mwingine alisema kule chini kulikuwa na homa. Hakuna aliyesema nilimwona akifa, hakuna aliyesema nilimzika. Na hapo ndipo taabu yetu ilipokuwa, rafiki yangu. Kwa sababu jina la aliyekufa halitajwi na jina la aliye hai lazima litajwe, na sisi hatukujua tuna yupi. Ukilitaja, unamweka hai. Ukiliacha, umemuua wewe, kwa mdomo wako.

Koko aliamua kulitaja. Kila asubuhi ng'ombe wakishakamuliwa alisimama langoni na kibuyu, akarusha matone ya maziwa mbele yake, akamwomba Engai, Mungu wetu, awalinde watoto wake, mmoja mmoja kwa jina. La baba lilikuwa la pili, baada ya shangazi yangu mkubwa. Tulilisikia tukiwa bado tumelala, mimi na wadogo zangu, na yeyo jikoni akipuliza moto. Miaka ikapita hivyo. Watu walianza kunong'ona kwamba bibi kizee anamgutua marehemu, wengine wakasema achwe, ni mama yake. Mimi nikapevuka, posa ikaletwa, na bado kila asubuhi nilikuwa na baba.

Asubuhi moja ya masika, mvua ilikuwa imekatika kidogo tu, koko alitoka na kibuyu chake. Nilikuwa macho. Alirusha maziwa, akamtaja shangazi. Akanyamaza. Nilingoja. Yeyo aliacha kupuliza moto. Kisha koko akamtaja wa tatu, akaendelea mpaka mwisho kwa sauti ileile, akarudi ndani, akakitundika kibuyu. Hakuna aliyemuuliza. Yeyo akainama akapuliza moto tena, mimi nikaamka nikaenda kuwakatia ndama majani. Hayo ndiyo yalikuwa mazishi ya baba yangu.

Ile nyumba haipo, na migomba ile imekatwa. Boma lipo, watu hupita kando yake wakila barafu. Koko alikwenda, na jina lake nalo tukalifunga. Yeyo akamfuata, na wadogo zangu wote. Wanangu wanajua tu kwamba babu yao alikwenda reli. Kati ya walio hai wanaolijua jina la baba yangu sasa nimebaki mimi peke yangu, nami silitaji.